Nisipofika, Mimi si Mwinchande

Iko nchi moja mbali sana na hapa, mbali kiasi kwamba msomaji hana haja ya kuchungulia dirishani. Serikali ya huko huwapenda wananchi wake kupita kiasi, na mambo haya yote yalitokana na upendo huo.

Chanzo kilikuwa kifungo cha koti. Siku ya gwaride, Kiongozi wa nchi, ambaye watu humwita Baba Pumzi kwa kuwa inasemekana bila yeye hawangepumua, alisimama kupokea heshima. Akajaza kifua aimbe wimbo wa taifa. Kifungo cha tumboni kikakatika, kikaruka, kikamgonga balozi wa nchi jirani kwenye paji la uso. Balozi akatabasamu kama mtu aliyevishwa nishani. Baba Pumzi akalitazama tumbo lake, akawatazama watu waliojaa uwanjani, kisha akasema kwa huzuni, "Wananchi wangu, mmenenepa."

Hakuna aliyebisha. Hata wale waliokuwa wembamba kama fito walijishika matumbo kwa aibu. Kesho yake ikaundwa Wizara ya Viuno na Pumzi, akapewa Mheshimiwa Pazi Kirungu, mtu wa maneno matamu na shingo pana, ambaye alipanda jukwaani akaeleza utaratibu.

"Ndugu wananchi, serikali hii haijawahi kumwadhibu mtu, na haitamwadhibu. Kila mmoja atajichagulia zoezi lake. Kila mmoja atajichagulia adhabu yake, endapo zoezi litamshinda. Ni hiari tupu. Na yule asiyetaka kwa hiari, atalazimishwa."

Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Wengi waliona ni jambo jema, na kwa kweli kwa wiki chache za mwanzo lilikuwa jema. Watu walikimbia alfajiri, wakala mboga, wakasahau kuumwa migongo. Tatizo lilikuwa kwenye adhabu. Wizara ilisema adhabu isiyouma ni dharau kwa zoezi, na dharau kwa zoezi ni dharau kwa kifungo cha koti. Kwa hiyo kila aliyekula kiapo alisimama mbele ya maofisa, akataja adhabu yake, nao wakamtazama koo. Asipomeza mate, aliambiwa ataje nyingine.

Ndivyo mwalimu mmoja wa muziki alivyoitoa ngoma yake aliyorithi kwa babu. Ndivyo seremala mmoja alivyokuja kulala nje ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, mvua ikimnyeshea, mlango ukiwa wazi. Na ndivyo Bi Nyamizi, mama mtu mzima wa mtaani, alivyoapa kwamba asipoweza kuinama akagusa vidole vya miguu, hatamtazama mjukuu wake hadi sikukuu ya mwakani. Hakuweza kugusa hata magoti. Tangu siku hiyo alikaa barazani ameipa njia mgongo, na kitoto kikija kumvuta nguo, anafumba macho.

Na wale waliokataa kujiadhibu, au walioivunja adhabu yao wenyewe? Hao hawakuadhibiwa pia. Walipelekwa Kambi ya Pumzi Ndefu kujifunza kupumua. Hakuna aliyerudi akasema masomo yanaendaje.

*

Mwinchande alikuwa ofisa wa hali ya hewa. Kazi yake haikuwa kupima mvua wala upepo. Kila asubuhi alisoma redioni kwamba hali ya hewa ni nzuri na inaruhusu. Hata siku mafuriko yalipoingia studio, aliinua miguu akasoma kwamba inaruhusu. Alikuwa mtu mwoga, na hakuona haya kuwa mwoga. Aliuona woga kama mwavuli, kitu cha kutembea nacho.

Mkewe, Siwema, alikuwa kinyume chake. Alisema. Alisema asubuhi akichochea chai, akasema mchana akifua, akasema usingizini. Alimkosoa mumewe kuhusu soksi, kuhusu namna ya kumenya chungwa, kuhusu kumsalimia kila mtu mara mbili. Kitu kimoja tu hakukitamka, nacho ni jina la mumewe. Kwao Siwema mke hamtaji mume jina. Ni heshima waliyolelewa nayo. Alimwita "mwenzangu", na Mwinchande alikuwa ameizoea sauti hiyo kama mtu anavyozoea mlio wa mlango wake mwenyewe.

Siwema ndiye aliyetangulia kuapa. Alisema ataruka kamba uwanjani tangu mwanzo hadi mwisho wa hotuba moja ya Mheshimiwa Kirungu, na ikimshinda atanyamaza hadi sikukuu ya mwakani. Maofisa hawakusubiri hata ameze mate. Waliandika upesi, huku wanatabasamu.

Aliruka vizuri. Aliruka Kirungu akisalimia wageni, akaruka akishukuru waandaaji, akaruka akieleza historia ya goti. Jua likapinda. Kirungu akasema, "Kwa kumalizia," na watu wakamshangilia Siwema, kumbe waziri alikuwa anamalizia utangulizi. Siwema alidondoka kwenye sehemu ya pili. Waziri akaendelea kuzungumza huku Siwema anabebwa kuondolewa.

Toka hapo nyumba ya Mwinchande ikawa kimya. Siwema aliongea kwa sufuria. Akikasirika aligonga mwiko, akifurahi aligonga kifuniko, na baada ya muda akaacha kugonga vyote. Mwinchande alimenya machungwa vibaya makusudi, mbele yake, akitumaini. Siwema alimtazama tu, akageukia ukutani, na mabega yake yakatikisika.

*

Zamu ya ofisi ya hali ya hewa ilipofika, Mkurugenzi wao, Bwana Tibenda, ndiye aliyeanza. Aliapa kuogelea bwawa la wizara, na ikimshinda atanyoa ndevu. Mwinchande alifuata, na hapo ndipo palipokuwa na mtego. Adhabu yako ikiwa nyepesi kuliko ya bosi, huna uzalendo. Ikiwa nzito kuliko ya bosi, unamvunjia heshima. Alikuwa amejipanga kusema ataacha kahawa, kisha akaona hapana, kahawa ni ndogo kuliko ndevu. Akafikiria nyusi. Akafikiria kitanda. Maofisa walikuwa wanamtazama koo, kipaza sauti kiko mdomoni, jasho linamtiririka.

Hofu ilimrudisha kwao. Kwao wanaume wakijisifu, hata mbele ya sahani ya ugali, husema, "Nisipoumaliza huu, mimi si fulani." Baba yake alisema hivyo, babu yake alisema hivyo, na hakuna aliyewahi kudaiwa chochote. Basi Mwinchande akajikuta ananguruma kwa sauti ambayo hakujua anayo:

"Siku ya Jasho, kwenye mbio za taifa, nitakimbia kutoka uwanjani hadi juu ya Kilima cha Ushindi bila kusimama. Nisipofika, mimi si Mwinchande."

Kisha Mheshimiwa Kirungu akatoa leso, akapangusa macho.

"Mmesikia? Wengine wanatoa ndevu. Huyu amejitoa mwenyewe."

Mwinchande alitaka kueleza kwamba ni msemo tu. Alimwona Tibenda akishika ndevu zake kwa uchungu wa mtu aliyezidiwa, akaona maofisa wameshaandika. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mheshimiwa, nisipofika mtanifanya nini?"

"Sisi?" Kirungu alishangaa kwa dhati. "Hatutakugusa, ndugu yangu. Hatutakufunga, hatutakupiga. Tutaacha tu kukujua."

Akaendelea kufafanua, maana alipenda kufafanua. Kazi ya Mwinchande itabaki ni ya Mwinchande, kwa hiyo atatafutwa mtu mwingine afaaye kuwa Mwinchande. Nyumba ya Mwinchande ni yake huyo. Mke wa Mwinchande, kadhalika, itabidi apelekewe mume. Na yeyote atakayemjua huyu wa zamani, hata kwa bahati mbaya, hata kwa kumwitikia salamu, anakwenda Kambi ya Pumzi Ndefu.

Hapo Mwinchande akameza mate. Ofisa mmoja akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

*

Alianza mazoezi siku ileile. Hakukimbia kwa ajili ya afya. Alikimbia kama mtu anayefukuzwa, na ndivyo ilivyokuwa. Mapaja yalimwaka, mbavu zilimchoma, akatapika kando ya barabara mbele ya watu walioheshimu redio yake. Alikuwa mnene kidogo, mnene wa mtu wa kiti, na kilima kile kilikuwa kirefu.

Lakini kilichomtisha zaidi si kilima. Majirani walianza kufanya mazoezi yao. Hawakutaka siku ikifika waje wamtambue kwa mazoea, kwa hiyo walianza mapema kujizoeza kutomjua. Muuza duka alitazama juu ya bega lake, akauliza hewa, "Nani anataka sukari?" Mwenzake wa ofisini, waliyekula naye mchana miaka yote, alimpita ukumbini, akasita, akageuka na uso wa kuomba radhi.

"Usinielewe vibaya," alinong'ona. "Leo nimekutambua kwa nusu tu. Nimeendelea vizuri kuliko jana."

Siku moja alimkuta kijana nadhifu amekaa kwenye kiti chake ofisini, anakizungusha. Tibenda alikuwa kando, anakenua meno.

"Anajaribu tu," Tibenda alisema. "Si vibaya kujua mapema kama kiti kitamtosha. Ni mpwa wa Mheshimiwa. Sauti yake nzuri, hebu msikilize."

"Hali ya hewa ni nzuri na inaruhusu," kijana akasema, kwa sauti nzuri kweli.

Mchana ule Mwinchande alirudi nyumbani. Alisimama mbele ya kioo akajitamka jina, na akaona hata uso ule wa kwenye kioo unasita. Akamwendea Siwema jikoni.

"Nikishindwa, utanijua?"

Siwema akashika mwiko. Hakuugonga. Alimtazama kwa macho yaliyojaa maneno, midomo imebana mpaka imekuwa myeupe. Kisha akamwekea maji ya kuoga na soksi safi. Mwinchande akalia pale pale jikoni, kwa sababu alikuwa anaogopa, na kwa sababu alikuwa ameuliza swali ambalo mkewe angepelekwa kambini kwa kulijibu.

*

Siku ya Jasho jua lilikuwa linapasua mawe. Asubuhi Mwinchande alikuwa ameshatangaza kwamba kuna kaubaridi kazuri, kwa hiyo wakimbiaji waliamrishwa wavae masweta. Wake, wazee na watoto walipangwa kando ya njia ya kupandia, na Siwema alikuwa miongoni mwao, karibu na jiwe jeupe lililo katikati ya kilima.

Baba Pumzi alikimbia mbele, kama desturi. Katika mbio zote za nchi hii, ambazo mpaka siku hiyo zilikuwa za tambarare, yeye ndiye hushinda, na hakuna sheria inayokataza kumpita, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa na wazo hilo. Yeye pia alikuwa ameapa, tena redioni: asipofika juu, atamwachia mwingine kiti. Watu walilia kwa furaha siku ile, wakisema kiongozi gani mwingine anajiwekea masharti. Hawakuwa na wasiwasi. Kilima ni chake, miguu ni yake, atafika tu.

Mbio zikaanza. Mwinchande alikimbia kwa hesabu ya woga: asisimame, asimkaribie Baba Pumzi. Sweta lililowana, likamgandia. Jasho likamwingia machoni, akayafumba. Akawa anajipa nguvu kwa kujitaja, Mwinchande, Mwinchande, kila mguu unapokanyaga. Hakusikia tena chochote ila jina lake na pumzi yake.

Kwa hiyo hakuona kilichotokea kwenye jiwe jeupe. Baba Pumzi alifika pale, uso umekuwa wa zambarau, akasimama, kisha akakaa. Nyuma yake wakimbiaji wote wakapigwa na butwaa. Wakisimama, viapo vyao vimevunjika. Wakipita, wamempita yeye. Basi wote, mawaziri kwa makarani, wakabaki wanakimbia papo hapo, magoti juu, bila kusogea, huku wanatazama angani. Ni Mwinchande peke yake aliyepenya katikati yao, macho amefumba, akapita karibu na jiwe alilokalia Baba Pumzi, akaendelea na kilima.

Alifungua macho alipohisi upepo. Alikuwa juu. Hapakuwa na mtu, ila mbuzi mmoja na mlingoti wa bendera ulioanguka zamani, ishara kwamba hakuna aliyefika pale kwa miaka mingi. Aliona mji mzima. Aliona bati la nyumba yake na kanga za Siwema kwenye kamba. Akamwambia yule mbuzi, "Mimi ni Mwinchande," na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze hakuogopa. Alikuwa amefika. Hakuna atakayelala kitandani mwake wala kukalia kiti chake.

Ndipo akasikia ngoma, akatazama chini, akawaona wote wamejikusanya kwenye jiwe jeupe, wanakimbia papo hapo kwa mdundo huku utepe unakatwa. Akaanza kuteremka.

*

Alipowafikia, ngoma ilikatika. Mheshimiwa Kirungu alikuwa ameshika mkasi.

"Unatoka wapi?"

"Huko juu, Mheshimiwa."

"Juu wapi?"

Mwinchande akaonyesha kwa kidole. Kirungu hakugeuka kutazama. Hakuna aliyegeuka kutazama.

"Nimetoka kutangaza sasa hivi," Kirungu alisema polepole, "kwamba hapa alipoketi Baba ndipo juu. Utepe umekatwa. Juu ya hapa hakuna."

Baba Pumzi alikuwa kwenye jiwe, anapepewa. Alikunywa soda, akauliza kwa upole, na upole huo ulimtia Mwinchande baridi ndani ya sweta, "Mwanangu, uliniona nimekaa?"

Mwinchande alielewa. Akisema alifika juu, basi yupo ambaye hakufika, na huyo ana kiapo cha kiti. Akisema hakufika, basi yeye si Mwinchande. Aliwatazama wenzake wa ofisini. Wote walikuwa wanatazama viatu vyao, bado wanakimbia papo hapo, maana hakuna aliyewaruhusu kusimama. Kijana nadhifu alikuwa anasafisha koo. Maisha yake yote aliwaambia watu kwamba hali inaruhusu, na sasa haikuruhusu kitu.

"Sikufika," alisema. "Sikufika popote."

Watu wakashusha pumzi. Kirungu akamshika bega kwa huruma ya kweli.

"Pole sana, wewe ambaye si Mwinchande. Imebaki hatua moja ya utaratibu. Wa karibu yako athibitishe kwamba hakujui." Akaangaza macho kando ya njia, na alipomwona Siwema uso ukamchangamka. "Na bahati nzuri mama yetu yuko kwenye adhabu yake ya hiari ya kunyamaza. Hatutamsumbua. Bi Siwema, unamjua mtu huyu? Ukinyamaza, tutaelewa kwamba humjui."

Mwinchande hakuthubutu kumtazama mkewe. Alitazama soksi zake, na akagundua kwamba amevaa mbili zisizofanana. Alimwomba Mungu Siwema anyamaze, abaki salama. Alimwomba Mungu asinyamaze. Hakujua ni ombi lipi alilolimaanisha.

"Mwinchande," Siwema alisema.

Sauti ilikuwa imekwaruza kwa kutotumika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu waoane kumtamka hivyo, mbele ya watu, jina zima.

"Mwinchande, mume wangu, soksi gani hizo umevaa mbele za watu? Nimekuona ukipita hapa macho umefumba, nikasema huyu ataanguka. Nimekuona kule juu. Sisi sote tumekuona. Haya, twende nyumbani, mchuzi unapoa."

Mkasi ulimtoka Kirungu mkononi. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu awe waziri hakuna kilichotoka. Baba Pumzi alishikilia chupa ya soda bila kunywa. Siwema akapita katikati ya mawaziri, akamshika mumewe mkono, wakaanza kuteremka. Watu waliwapisha. Walijitahidi sana kutowajua.

Ila walipofika chini, penye wazee, Bi Nyamizi alikuwa amekaa ameipa njia mgongo, kama kawaida, mjukuu anamvuta nguo. Walipompita, aligeuka. Akamtazama yule mtoto usoni, kwa muda mrefu, akampakata. Nyuma, kilimani, mtu mmoja akaacha kukimbia papo hapo, akasimama. Kisha mwingine.

Nyumbani Siwema alipakua. Hakuacha kusema, alisema kuhusu chumvi, kuhusu mbuzi, kuhusu jinsi alivyochoka na mwiko. Mwinchande alishika tonge, akalisahau mkononi, mchuzi ukadondokea mkeka. Alikuwa anaogopa kuliko siku yoyote, na sasa aliogopa kwa ajili ya wawili.

Nje gari likazima injini. Vishindo vya buti vikaja barazani, kisha mlango ukagongwa, kwa adabu, kama wanavyogonga watu wanaokuja kukupeleka kujifunza kupumua.

Mwinchande akataka kuinuka. Siwema akamwekea kipande kingine cha samaki kwenye sahani.

"Kula kwanza, Mwinchande," alisema. "Waache waulize kwa jina kama upo."